Mkataba wa Ndege na Kuku

Bamama na bapapa, ndugu zangu wa likelemba ya kuku, sisi tunaopeana kuku kwa zamu, kuna wakati niliamini kwa moyo wote, na kwa mapafu yote mawili, kwamba kuku na ndege wa mpunga wana mkataba. Ndiyo, mkataba. Kwamba ukiua ndege mmoja shambani, kuku mmoja wa nyumbani kwako anaitwa kulipa, kichwa kwa kichwa. Kwamba mapatano hayo yalifanyika zamani sana, siku wenye mabawa walipogawana dunia: hawa wakachukua anga, wale wakachukua viwanja vya nyumba za watu, na wakaapa kwamba damu ya upande mmoja italipwa na upande wa pili. Habari hii niliipata kwenye kivuko cha mitumbwi, hapa hapa Lubunga, kutoka kwa papa mmoja, baba mtu mzima, muuza samaki wa chumvi wa Yanonge. Aliisema mdomo umejaa chikwange, ule mkate wetu wa muhogo. Mimi niliimeza kabla yeye hajameza chakula chake.

Mnacheka. Chekeni, hakuna ubaya. Lakini naomba asiyewahi kusikia habari hiyo kivukoni ainue mkono. Haya. Naona mikono imekuwa mizito kama mawe ya maporomoko.

Mwenyekiti wetu ameniomba niseme yaliyotupata, kwa sababu leo tuna wanachama wapya, na kila mwanachama mpya anakuja na dawa yake ya ndege kichwani. Akaniambia pia niandike kwenye karatasi. Anasema nikiongea bila karatasi, kabla ya saa sita kuku wangu watakuwa na ukubwa wa mbuzi na mbuzi watakuwa wanaongea Kifaransa. Bon, nimeandika. Mimi ni mtu wa masomo ya jioni, nimemaliza nikiwa na mvi, nimekaa dawati moja na vijana ambao ningeweza kuwazaa wote na wajomba zao. Karatasi haiwezi kunishinda. Na sitataja jina la mtu. Ukijisikia umetajwa, kunywa maji utulie.

Nianze na kuku wenyewe.

Kuku wale hawakuwa wangu. Walikuwa wa mke wangu, yule mama amekaa pale nyuma na kitenge cha kijani, anayenitazama ili nisipitilize. Siku alipoingia kwangu, mama yake alimfuata mpaka mlangoni na kuku jike chini ya kwapa: kuku mwekundu asiye na manyoya shingoni. Mnawajua wale, shingo tupu, kama mtu aliyesahau kola nyumbani. Majirani walitucheka. "Papa, umeoa ao umeokoa? Hata kuku anakuja uchi!" Lakini kuku yule alitaga, akaatamia, vifaranga wake wakataga, na kila kizazi kikatoka na shingo ile ile. Mama mkwe alifariki miaka michache baadaye. Hakuacha nyumba, hakuacha picha. Aliacha shingo tupu zile zikizunguka uwanja wetu.

Walikuwa elfu moja. Mke wangu anatikisa kichwa. Bon, hawakuwa elfu. Lakini ukitoka nje asubuhi ulikuwa unatafuta mahali pa kuweka mguu.

Siku moja nilitaka kumchinja mmoja kwa ajili ya mgeni, na mke wangu akanishika mkono. Akaniambia, pole pole: "Papa ya watoto, hawa kuku njo mama yangu mwenye alibakia. Wakiisha, mimi nabakia yatima mara ya pili." Nikakiacha kisu. Mgeni alikula sombe, majani ya muhogo. Nataka mlishike neno hilo, ndugu zangu, kwa sababu yote nitakayosema yanasimama juu yake.

Alors, kuku tulikuwa nao, na shamba la mpunga tulikuwa nalo, hapo nyuma ya reli. Anayelima mpunga Lubunga anajua: kulima si kazi, kupalilia si kazi. Kazi ni ile miezi ambayo punje zinajaa maziwa na ndege wanapata habari. Wanafika kama moshi wa kichaka kinachoungua. Wanashuka pamoja, wanakula pamoja, wanaondoka pamoja, nadhani wana hata mwenyekiti na katibu. Mtu lazima akae shambani toka alfajiri mpaka jua lizame, juu ya kichanja cha miti, anavuta kamba zenye makopo, anapiga kelele, anarusha udongo. Watoto walikuwa shuleni. Kwa hiyo aliyekaa juu ya kichanja kuamia ndege ni mimi, mtu na diploma yake, napiga kelele "Hoo! Hoo!" mpaka sauti ikawa ya chura.

Nikajitengenezea manati. Mpira wa tairi ya baiskeli, mti wa mpera, ngozi ya kiatu cha zamani. Wiki ya kwanza sikupiga kitu. Nawaambia ukweli, niliweza kukosa hata mbingu. Ndege walikuwa wanakaa kunitazama, kama watu kwenye uwanja wa mpira.

Halafu, ghafla, Mungu akanifungua mkono. Ndivyo nilivyodhani. Nikalenga mmoja, wakaanguka watatu. Nikalenga kushoto, akaanguka wa kulia. Asubuhi moja nilivuta mpira, jiwe likaniponyoka na kuangukia mguu wangu mwenyewe, na bado ndege akaanguka! Siku nyingine nilikohoa tu. Akaanguka. Nilirudi nyumbani na shada la ndege kwenye kamba, natembea katikati ya njia kama mtu aliyetoka vitani. Jirani mmoja akaniita: "We, papa! Unapiga na manati ao na macho?" Nikamjibu: "Na diploma!"

Ndugu zangu, hapo ndipo mlango wa shida ulipofunguka, na mimi nikaupita naimba.

Kwa sababu mnajua desturi yetu. Ndege wa shambani ni mboga. Unamnyonyoa uani, unampasua na kidole, unamchoma kwenye babula ya makaa mpaka mifupa inaliwa kama karanga. Na matumbo? Hakuna mtu hapa anayetupa matumbo. Matumbo ni ya kuku. Hata bibi zetu walifanya hivyo. Unayamwaga pale unapokaa, na kuku wanakimbia toka pembe zote, wanapokonyana, wanavutana kama watoto wenye kamba. Mke wangu hakula ndege wale. Anasema hapendi nyama yenye mifupa kama sindano. Mimi nilikula kwa niaba yake. Kichwa kilinizunguka jioni kadhaa, jasho likanitoka. Nikasema ni jua la kichanja.

Wa kwanza kufa alikuwa jogoo. Nilimkuta chini ya ua, miguu imeachana, mate yanamtoka mdomoni kama uzi, shingo ile tupu imepinda nyuma. Nikasema ni ugonjwa ule wa kiangazi, unaomaliza kuku wa mtaa mzima. Mke wangu akasema haiwezekani, wote walitiwa dawa ya chanjo machoni, mmoja mmoja, alimshika kila mmoja na mkono wake. Nikasema basi huyo alifumba macho.

Wakafuata wengine. Si kila siku, na hiyo ndiyo iliyonichanganya. Siku mbili kimya, siku ya tatu wanne. Tukatafuta dawa, mnajua zile dawa: pilipili kwenye maji, mafuta ya mawese, majivu, kidonge cha mtu kilichobaki kabatini. Mke wangu alifagia banda mpaka likang'aa kuliko nyumba yetu. Aliwatenga wagonjwa. Aliwapa maji kwa kijiko, amepiga magoti, anawaita kwa sauti ile ambayo mama yake alikuwa anawaita nayo. Mimi nilikuwa nazika. Kuna jioni nilimkuta amekaa chini karibu na banda, hana anachofanya, mikono yake imekaa tu juu ya magoti. Sikujua la kumwambia. Mimi! Mtu ambaye hata kwenye msiba napewa neno la shukrani!

Ni wakati huo ndipo nilipovuka kwenda mjini, na pale kivukoni, nikisubiri mtumbwi ujae, papa wa samaki akanipa habari ya mkataba. Nilimweleza shida yangu, akauliza swali moja tu: "Na ndege ya mupunga, unaua?" Nikasema naua sana, mimi ni bingwa. Akaacha kutafuna. "Aa, tonton. Basi njo wewe mwenyewe unamaliza kuku yako."

Msidhani niliamini kijinga. Hapana, niliamini kisomi! Nilikaa kwenye mtumbwi nikakumbuka. Siku ya mvua kubwa sikwenda shambani: hakufa kuku. Siku niliyorudi na shada refu kuliko yote: kesho yake walikufa wengi. Jumapili sikupiga: Jumatatu kimya. Ndugu zangu, ilikubali! Ilikubali toka mwanzo mpaka mwisho! Kwenye masomo ya jioni walitufundisha kwamba jambo likirudi vile vile kila mara, hapo kuna sheria. Nikashuka upande wa pili wa mto na sheria yangu mkononi.

Jioni nikamwambia mke wangu: kuanzia kesho siendi tena kuamia ndege.

"Na mupunga?" akauliza.

"Mpunga utajilinda."

"Mupunga iko na mikono?"

"Mama watoto, sikiliza. Kila ndege anayeanguka kule, kuku anaanguka hapa. Tuchague. Ama mpunga, ama kuku wa mama yako."

Hakuamini mkataba, ameniambia baadaye hakuuamini hata dakika moja. Lakini nilikuwa nimemtajia mama yake, na alikuwa amechoka. Akasema: "Basi waache wale." Akageuka akaendelea kuosha sufuria ambayo ilikuwa tayari safi.

Donc, niliwaachia. Ndege walikula mpunga wetu kama watu walioalikwa. Nilipita njia ya reli nikitazama upande mwingine, kama mtu anayekwepa mkweze. Katika muda mfupi masuke yalisimama matupu, yamenyooka juu kama mifagio. Ule ulikuwa wali wetu wa mwaka mzima, na mbegu ya mwaka unaofuata.

Na kuku? Kweli, walitulia kidogo. Nikatembea kifua mbele. Nikawaambia majirani: mnaona? Elimu!

Halafu asubuhi moja nilikwenda kuangalia kama kuna pembe iliyobaki ya kuvuna. Nilikwenda na binti yetu mdogo, maana ilikuwa siku ya mapumziko. Na pale mpakani mwa shamba, kwenye majani, nikakuta ndege wamelala chini. Wengi. Hawana jeraha. Wengine bado wanapiga bawa moja. Mtu mwenye akili angerudi nyuma. Mimi nilifikiri hivi: hawa sikuwaua mimi. Wamejifia. Basi hawana deni! Mkataba hauwezi kunidai damu ambayo sikuimwaga! Nikavua shati, nikawafunga ndani, nikamshukuru Mungu kwa mboga ya bure. Nyumbani nikanyonyoa, nikapasua, nikamwaga matumbo kama kawaida. Kuku waliobaki wakaja mbio.

Na binti yangu, ambaye ana haraka kama baba yake, alichukua wake mwenyewe, akamzika mzima mzima kwenye makaa, na matumbo yake ndani, kama watoto wanavyofanya shambani, akamla pembeni bila kutuambia.

Sasa naomba mnivumilie, hapa karatasi yangu ina madoa.

Jua lilikuwa bado juu. Nilimsikia mke wangu akiita jina la mtoto, mara moja, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nikatoka. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mate yanamtoka yenyewe, nguo imelowa jasho, anajishika tumbo, na alipojaribu kusimama miguu ilimkatalia. Nikajua: mkataba umekuja. Kuku wamepungua, sasa ndege wanahesabu mpaka watu. Nikaanza kupiga kelele kwamba tumtafute papa wa samaki, yeye anajua, lazima kuna namna ya kuuvunja, nitatoa chochote, nitachoma manati, nitaomba msamaha kwa ndege wote wa mkoa wa Tshopo.

Mke wangu hakunisikiliza. Alikuwa anamtazama mtoto. Halafu akatazama chini ya ua, ambako jogoo wa mwisho alikuwa amelala, miguu imeachana, mate kama uzi. Akamtazama mtoto tena. Akamtazama jogoo tena. Ndugu zangu, niliona kitu kikipita usoni kwake.

"Ni kitu moja," akasema. "Wamekula kitu moja."

Akamuuliza mtoto, naye akanyoosha kidole kwenye makaa alikochomea ndege wake. Akamfunga mgongoni. Akamwokota jogoo yule, ambaye alikuwa amekwisha kata roho, akamtia ndani ya kikapu. Akaanza kwenda kivukoni, na mimi nyuma yake, nakimbia na kiatu kimoja.

Kwenye mtumbwi watu walimtazama. Papa mmoja, kutaka kutuliza mambo, akasema: "Mama, unapelekea dokta kuku? Zawadi iko nzuri, lakini hii imekufa."

Mke wangu hakugeuza hata kichwa. "Hapana, papa. Huyu si zawadi. Huyu ni shahidi."

Hakuna aliyecheka tena mpaka ng'ambo. Mpiga kasia alipiga maji kama anayefukuzwa. Mto wetu nimeuvuka toka tumboni mwa mama yangu, nawaapia siku ile ulikuwa na upana wa dunia.

Hospitalini, mwuguzi wa mlangoni alisema kuku haingii. Mke wangu akasema basi na mimi siingii, na mtoto akifa hapa mlangoni utasema ni kwa sababu ya kuku. Tukaingia wote wanne, tukihesabu marehemu. Dokta alikuwa mama wa makamo, mfupi, hana maneno mengi. Alimfungua mtoto macho, akamulika na tochi. Akaniita nione. Ile sehemu nyeusi katikati ya jicho ilikuwa imebaki kama tundu la sindano.

"Amekula nini?"

Mimi nikaanza: "Dokta, zamani sana, wenye mabawa walipogawana dunia..."

Mke wangu akanikata. "Ndege ya mupunga. Na huyu kuku alikula matumbo ya ndege. Anakufa sawa vile mutoto iko."

Dokta akaagiza sindano pale pale. Halafu akasema, sasa nionyeshe. Uani, kwenye jiwe la kufulia, mke wangu aliazima wembe akapasua ule mfuko wa shingoni, pale kuku anapotunza chakula kabla hakijashuka. Kumbukeni anampasua kuku wa mama yake. Ndani kulikuwa na matumbo ya ndege, na ndani ya matumbo, punje za mpunga. Zilikuwa za buluu. Buluu kama sare ya shule.

"Hii ni sumu," dokta akasema, akarudi ndani haraka.

Sitawaeleza sana saa zilizofuata. Wengi wenu mmekaa kwenye lile benchi la mbao, mnalijua. Nilikaa tu nikisikiliza pumzi ya mtoto kupitia pazia. Mke wangu alikuwa amekunja kile kikapu tupu mapajani, anakikunja, anakikunjua.

Asubuhi pazia lilivutwa, na sauti ndogo ikasema: "Mama, naomba wali."

Wali! Kati ya vyakula vyote vya dunia! Na mimi ndiye niliyewapa ndege wali wake. Nililia mpaka mwuguzi akaniletea kiti, ingawa nilikuwa tayari nimekaa.

Tuliporudi, tulikwenda moja kwa moja mpakani mwa shamba, tukainua majani, na tukaziona: punje za buluu, zimetawanywa mstari mrefu upande wa jirani yetu. Simtaji. Alikuwa amenunua unga fulani wa buluu sokoni, kwenye mfuko mweusi wa plastiki, bila karatasi, bila jina, akaambiwa changanya na mpunga utupe pembeni, ndege watakwisha. Naye alikuwa na watoto, naye ndege walikuwa wanammaliza. Hakujua kwamba ndege haendi kufia kwake tu. Tulipomwambia habari ya mtoto, alikaa chini kwenye tope na nguo zake za kanisani. Siku hiyo tuliokota punje mpaka mgongo ukagoma, mikono imefungwa mifuko ya plastiki, tukachimba shimo refu mbali na kijito, tukazika punje pamoja na ndege wote tuliowakuta. Yeye ndiye aliyechimba. Hakukubali mtu amshikie jembe.

Uwanjani kwetu kulikuwa kimya. Hakuna shingo tupu hata moja. Mke wangu aliingia jikoni. Halafu nikamsikia anasema: "We. We, mama."

Nilikuwa nimemsahau. Chini ya rafu, ndani ya karai la zamani lililotoboka, kuku jike mwekundu alikuwa anaatamia. Mkali, ananuna, hapendi mtu. Wenzake walipokuwa wanakimbilia matumbo yangu, yeye hakutoka. Alikuwa anashuka kidogo tu kunywa maji na kudonoa mahindi ambayo mke wangu alimwekea pale pale. Alikuwa hajagusa ndege hata mmoja. Alitutazama kama watu waliochelewa. Siku chache baadaye mayai yakaanza kulia, na vifaranga wakatoka, na wawili, watatu, wanne kati yao walikuwa hawana kola.

Mke wangu alikaa sakafuni kuwatazama mpaka sombe ikaungua. Hakuna aliyelalamika. Nilikula ile sombe nyeusi nikasema ni tamu kuliko zote.

Ndugu zangu, sikuinuka peke yangu. Ninyi mliokaa hapa mnajua mlichofanya. Likelemba yetu inataka kila mmoja alete mtetea mmoja kwa mwenye zamu, na zamu yetu ilikuwa bado mbali sana. Mama mmoja, naye yuko hapa, zamu ilikuwa yake, alisimama akasema: "Wapelekeni kwa wale wenzetu, mimi nitangoja." Nikaona watu wanaingia uwanjani kwetu na mitetea chini ya kwapa, kama siku ile mama mkwe alipokuja. Mama, nakushukuru mbele ya watu. Jirani yetu wa mpakani alileta mbegu ya mpunga, na hata leo tunaamia ndege kwa zamu: mashamba sita, kichanja kimoja kila upande, kamba moja ndefu ya makopo, na zile tepu za kaseti za zamani tunazozitandaza juu, upepo ukipita zinavuma na ndege wanadhani tumeajiri nyuki. Wanakula kidogo. Sisi tunavuna kinachobaki, na kinachobaki kinatosha sufuria. Namshukuru mpiga kasia, ambaye alikataa kupokea kitu. Namshukuru dokta. Namshukuru Mungu, ambaye alinipa mke mwenye macho.

Ninyi wapya, nawaomba. Unga usio na jina, usiingie nao shambani, hata akupe ndugu yako. Ndege aliyeanguka mwenyewe si mboga na si chakula cha kuku, mzike. Na kuku wakianza kufa, msikimbilie kivukoni kuuliza sababu. Mchukueni aliyekufa mumpeleke kwa anayejua kumtazama, hata kama mtumbwi mzima utawacheka.

Nimebakiza moja tu. Siku ya kutoka hospitalini, mtoto amekwisha vaa viatu, niliona si vizuri kuondoka bila kumweleza dokta habari ya mkataba, labda ingemsaidia na wagonjwa wengine. Nikamweleza yote, kwa mikono miwili. Nilivyopiga wakafa, nilivyoacha wakapona, manati, jiwe lililoangukia mguu, kikohozi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Wale ndege uliwapiga, walikuwa na damu? Mufupa ya kuvunjika?"

Nikafikiri. "Hapana, dokta. Walikuwa wazima kabisa."

Akafunga kalamu yake, akanishika bega.

"Papa, mukataba hakuna. Na wewe haukupiga ndege hata moja. Sumu njo ilikuwa inawaua. Wewe ulikuwa unawaokota tu."